Sheria ya Bisibisi

Uzi mnene wa gitaa ulipigwa mara moja, ukaachwa ulie wenyewe. Ulianza na mkwaruzo mdogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito, kisha ukafunguka, ukapanda, ukakataa kufa. Ulipenya ukuta wa matofali, ukapita chini ya mlango wa bati, ukamkuta Kiberiti uani, bado amekaa juu ya pikipiki yake, kofia ngumu kichwani na gitaa mgongoni. Akavua kofia asikie vizuri. Vinyweleo vya mikono vilimsimama.

Kiberiti alikuwa ameyasikiliza magitaa ya umeme tangu ndevu hazijamwota. Aliyanunua, akayabadilisha, akayapima kwa mizani ya jikoni, akayagonga kwa kidole kama mtu anayechagua nazi sokoni. Mfumbe macho, mpigie nyuzi mbili, atakwambia ni mbao gani na shingo ya aina gani, na hatakosea sana. Sauti hii hakuijua. Alijua jambo moja tu, tena halikumpendeza: ilikuwa nzuri kuliko ya gitaa lililokuwa mgongoni mwake.

Akasukuma mlango kwa bega.

Aliyekuwa ameshika gitaa lile alikuwa Shemeji. Kati ya watu wote duniani waliojaliwa vidole, ilikuwa lazima awe yeye: muuza matairi, mume wa dada yake mkubwa, amekaa kwenye kiti ambacho kila mtu mle ndani alijua ni cha Kiberiti, mguu mmoja juu ya mwingine, tabasamu limetanda hadi masikioni.

"Karibu, shemeji," akasema. "Kiti chako nimekupashia moto."

"Ukikipasha sana kitanuka tairi," Kiberiti akajibu.

Kinyozi, aliyekuwa ameegemea rundo la viti vya plastiki, akacheka peke yake. Mama Spika hakucheka. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya amplifaya, anakaza kitu, na kalamu ya risasi imechomekwa kwenye kilemba chake. Ghala lile lilikuwa lake. Juma zima alikodisha spika, viti na maturubai kwa wenye harusi na wenye misiba, na Jumamosi mchana, mali ikiwa imeshatoka, chumba kilibaki na nafasi, na wapenda magitaa walikuja kulinganisha yao. Alikuwa mwamuzi wao kwa sababu mbili: umeme ulikuwa wake, na hakuwa na gitaa hata moja, kwa hiyo hakuwa na wivu.

Kiberiti alivua mkoba, akatoa gitaa lake, akaliweka mezani taratibu. Lilikuwa jeusi, limechakaa pembeni hadi mbao imeonekana, na ndilo la kwanza alilowahi kulipata kwa jasho lake. Mengine yalikaa chini ya kitanda, juu ya kabati, na moja nyuma ya friji. Mkewe aliyaita wake wenza. Hili jeusi alilipa jina la Bi Mkubwa, kwa dhihaka, asubuhi moja alipomkuta mumewe akilipangusa kwa shati safi. "Mwambie Bi Mkubwa," alikuwa akisema tangu siku hiyo, "kama ameshakunywa chai basi mimi nitakunywa baadaye." Jina likaganda. Leo ilikuwa siku ya kuleta kila mtu lililo bora, na Kiberiti hakuwa na shaka lolote alipofunga mkoba ule nyumbani.

Sasa shaka alikuwa nalo, na lilimchoma.

"Gitaa gani hilo?" akauliza, kama mtu asiyejali.

"Ah, hili?" Shemeji akaligeuza kwenye mwanga. Rangi yake ilikuwa ya asali, na pembeni ikaiva hadi weusi. "Nilikwenda kuuza matairi ya trekta huko mashambani. Nikakuta kijana analitumia kuanikia soksi. Baba yake alikuwa mpigaji wa bendi za kuzunguka, Mungu amrehemu. Nikamwambia mwanangu, hizo soksi utapata pengine pa kuzianika."

"Na wewe ukaona ni la kweli."

"Sikuona. Nilisikia." Shemeji akaugusa tena ule uzi mnene, na Kiberiti akatazama pembeni ili uso wake usimsaliti. "Mpigaji ana masikio, shemeji. Fundi ana bisibisi. Sikia hapa chini, karibu na shingo. Aliyeisuka koili hii inayonasa mlio alikuwa mtu! Mikono ya zamani hiyo, ya watu waliolelewa na muziki. Si hawa wenzako wa mota."

Hapo akawa amemgusa pabaya. Kazi ya Kiberiti ilikuwa kusuka mota zilizoungua: za visima, za mashine za kusaga, za mapangaboi. Aliondoa waya ulioungua, akasuka mpya, akapaka vanishi, akafunga. Na zamani, walipokuwa bendi moja, Shemeji kwenye gitaa la mbele na yeye kwenye la pili, ni Shemeji huyu aliyesimama mbele ya wanamuziki wote akasema, "Huyu ni fundi, si mpigaji. Tumpe kazi ya kushika nyaya." Watu walicheka. Kesho yake nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Mwaka uliofuata Shemeji huyo huyo alikuja kuposa kwao, na Kiberiti akalazimika kumpokea mlangoni kwa mikono miwili. Miaka imepita, wapwa wamezaliwa na kukua, wanamwita mjomba na anawapenda; lakini kicheko kile hakikupoa.

"Bandia," akasema.

Lilimtoka kama kiberiti kinavyowaka. Hakuwa ameligusa gitaa lenyewe, hakuwa hata amelikaribia. Mama Spika akainua kichwa, akazima amplifaya.

"Umesema nini?" akauliza.

"Amesema," Kinyozi akadakia. "Na mimi nimesikia. Asije akatuambia alikuwa anakohoa."

Mle ghalani neno hilo halikusemwa ovyo. Walikuwa na sheria, na wenyewe waliiita sheria ya bisibisi. Ukisema gitaa la mwenzio ni bandia, unalifungua wewe, kwa mkono wako, mbele ya watu wote. Ukikuta ndani kitu ambacho hakikutoka nalo kiwandani, basi gitaa hilo linakatwa nyuzi, linatundikwa ukutani, na halipigwi tena mle. Usipokuta, unampa mwenye gitaa lile ulilokuja nalo siku hiyo, naye hutaja lake ni nini, kila mtu asikie. Na neno likishatoka halirudi.

Ukutani, juu ya misumari, palikuwa na magitaa matatu yasiyo na nyuzi. La kati, la buluu, lilikuwa la Kinyozi. Ndani yake Kiberiti alikuta koili moja iliyosukwa upya na fundi redio. Kinyozi alisihi, akasema mlio si umebaki mzuri, jamani, sikilizeni wenyewe. Wakati huo sheria ilizungumzia mbao na shingo tu. Ni Kiberiti aliyesimama kidete koili nazo zihesabiwe. "Koili iliyosukwa upya ni meno ya bandia," alisema siku hiyo. "Yanatafuna, ndiyo, lakini si yako." Kisha akachukua plaizi, akazikata nyuzi mwenyewe. Tangu hapo Kinyozi hajawahi kumkosa Jumamosi hata moja. Hakuja kusikiliza muziki. Alikuja kungoja siku kama ya leo.

"Unaweza kuomba radhi," Mama Spika akasema polepole. "Sheria haisemi, lakini mimi ni mtu mzima, nasema. Mwambie shemeji yako neno limeteleza."

"Niombe radhi? Kwake?"

"Aombe, aombe," Shemeji akasema kwa utamu. "Mimi sina kinyongo. Apige magoti kidogo tu, kwa ajili ya dada yake."

Kiberiti akaunyosha mkono. "Leta bisibisi."

Mama Spika aliweka kitambaa cheupe mezani, akaleta taa ndefu ya kuinama, akasogeza Bi Mkubwa upande mmoja na gitaa la asali upande wa pili. Wote wakakaribia. Kiberiti akalegeza nyuzi, akalipindua, akaanza na shingo.

Alitafuta kosa kama mtu anayetafuta pete kwenye maji taka. Shingo ilitoka: mhuri wa kiwanda ulikuwa mahali pake, umefifia kama ipasavyo. Akainusa mbao. Ilikuwa mbao yenyewe. Akachunguza rangi kwenye tundu la shingo, pale ambapo wanaopaka upya husahau kupaka kwa hila, akaikuta moja, ya tangu mwanzo. Akafungua bamba la vitufe. Nyaya zilikuwa zile za zamani zenye nguo juu yake, na lehemu ilikuwa imepoteza mng'ao.

"Haya, endelea," Shemeji alikuwa akimhesabia kila hatua. "Shingo? Safi. Mbao? Safi. Kinyozi, hebu muangalie Bi Mkubwa vizuri, umzoee. Leo atalala kwa dada."

"Talaka tatu," Kinyozi akasema. "Tena bila kadhi."

"Nyamazeni," Mama Spika akasema.

Jasho lilimchuruzika Kiberiti nyuma ya masikio. Akafungua koili ya karibu na daraja: waya wa rangi ya zambarau iliyokolea, kama inavyotakiwa. Ikabaki moja, ile ya shingoni, ile iliyomsimamisha uani. Akatoa skrubu zake mbili ndogo. Akaondoa kifuniko. Akasogeza taa.

Waya ulikuwa wa kijani.

Moyo ukamruka kwa furaha, furaha mbaya, ya mtu anayemwona adui yake akikanyaga ganda la ndizi. Kijani! Hakuna kiwanda kilichowahi kusuka gitaa la namna ile kwa waya wa kijani. Imesukwa upya! Alifungua mdomo aseme. Kisha akaona uzi mweusi uliofungia mwisho wa waya, na fundo lake. Lilikuwa fundo la watu wa mota, la kupitisha mara mbili na kurudisha chini, ambalo hakuna fundi redio anayelijua. Na pembeni, kwenye kona moja, tone nene la vanishi lilikuwa limegandia pale ambapo brashi ilijaa kupita kiasi.

Fundo lile alilijua.

Zamani hizo Kiberiti alikuwa mwanagenzi bado, anafagia karakana na kupanga sumaku. Mtu mmoja mrefu akaja, bendi yao ilikuwa inapita tu, na ndani ya leso alikuwa amefunga koili ya gitaa, kisanduku kidogo chenye sumaku na waya uliokatika. Bosi wake alicheka akasema hapa tunasuka mota, hatusuki vikohozi vya magitaa. Kiberiti akamfuata yule mtu nje, akamwambia, niachie mimi. Waya mwembamba kiasi kile haukuwepo karakana nzima. Akaupata ndani ya mita kuukuu ya umeme iliyotupwa, waya wa kijani mwembamba kuliko unywele, akabana mashine ya kutobolea ya mkono kwenye jiliwa, akauzungushia sumaku, polepole, anashika pumzi usikatike. Yule mtu alikuja akakichukua kisanduku chake, akasema atarudi ampigie asikie. Bendi ikaondoka. Hakurudi. Gitaa lenyewe Kiberiti hakuwahi kuliona. Alikuwa amemtengenezea mtu koo, na hakuwahi kumsikia akiimba.

Hadi leo, uani, juu ya pikipiki.

"Umenyamaza," Shemeji akasema. "Safi, siyo? Sema basi safi, watu waende nyumbani."

Angeweza. Kifuniko kilikuwa mkononi mwake. Kukirudisha tu, kukaza skrubu mbili, kusema safi, siri ikalala. Bi Mkubwa angekwenda. Au angesema neno jingine, neno la kweli kwa sheria aliyoitunga kwa mdomo wake: bandia. Bi Mkubwa angebaki, Shemeji angevuliwa nguo mbele ya watu, plaizi ingefanya kazi yake. Na sauti ile ingetundikwa ukutani kama ngozi ya mbuzi.

Hakupewa nafasi ya kuchagua kimyakimya. Mama Spika alikuwa ameshainama, tochi mkononi.

"Waya huu mbona wa kijani?"

"Uko wapi?" Kinyozi akapiga hatua moja, akachungulia, akapiga kelele ya mtu aliyefunga bao. "Imesukwa! Imesukwa upya! Meno ya bandia haya! Haya, shemeji wa watu, karibu ukutani. Nimekutunzia msumari pembeni yangu."

Uso wa Shemeji uliporomoka. Alichukua tochi, akatazama, akatazama tena. "Haiwezekani," akasema. "Sauti ile... Hiyo si koili ya kusukwa na mtu tu."

"Imesukwa na mtu," Kiberiti akasema. "Nimeisuka mimi."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Akaeleza kwa maneno machache, bila kumtazama mtu: karakana, leso, mita ya umeme. Akawaonyesha fundo. Kisha akachukua kipande cha uzi mezani, akafunga fundo lile lile mbele yao, vidole vyenyewe vikijua njia, akaliweka pembeni ya lile la zamani. Yalifanana kama mapacha.

Mama Spika akakaa chini. "Maskini," akasema, na haikujulikana anamwambia nani.

Shemeji alikuwa amebadilika rangi mara mbili. Kisha akili yake ya biashara ikarudi, maana muuza matairi hupata hasara huku anapiga hesabu ya faida. Akacheka.

"Basi vizuri. Vizuri sana! Sheria ni yako, shemeji, si yangu. Iliyosukwa upya ni bandia. Sema basi. Sema mbele ya watu kwamba kazi ya mkono wako ni bandia. Nitakata nyuzi mimi mwenyewe, tena nitakushukuru. Miaka yote nasema huyu si mwanamuziki, watu wananiambia namwonea. Leo utasema mwenyewe."

Akachukua plaizi kutoka kwenye sanduku la Mama Spika, akaishika juu ya nyuzi zilizolegea, akangoja.

Kiberiti alimtazama. Alitazama ile plaizi. Kwa mara ya kwanza aliisikia sheria yake kama alivyoisikia Kinyozi siku ile, mkuki kwa nguruwe, na damu ikampanda kichwani. Mtu akate sauti ile? Mtu huyu?

"Toa mkono."

"Sema kwanza."

"Toa mkono kwenye nyuzi hizo kabla sijautoa mimi!" Akampokonya plaizi, akaitupa, ikaangukia viti vya plastiki kwa kishindo. "Si bandia. Umenisikia? Lina koo nililolitengeneza mimi, na ndilo gitaa la kweli kuliko yote yaliyowahi kuingia chumba hiki. Nimesema bandia nikakosea. Nimekosea!"

"Ukikosea unatoa," Shemeji akasema upesi, upesi mno.

"Natoa."

Akamsogeza Bi Mkubwa mezani. Hakumpapasa, hakuaga. Alimsukuma tu, kama mtu anayemsukumia mwenzake sahani. Lakini mkono ulipofika mwisho wa meza haukuachia.

"Na langu?" Kinyozi akauliza. Kicheko kilikuwa kimemkauka. Alikuwa amesimama chini ya misumari. "Koili yangu ilisukwa upya, ukaliua. Yako imesukwa upya, ukaiita koo. Langu lilikuwa nini, Kiberiti? Langu lilikuwa mbwa?"

Swali hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu halikuwa na jibu zuri. Angeweza kusema fundi redio yule hakuwa na mkono. Lingekuwa neno la kweli, na lingekuwa neno la mtu mdogo.

"Lishushe," akasema.

"Sema vizuri."

"Lishushe, Kinyozi. Mama, sheria ya koili niliileta mimi, naifuta mimi."

"Sheria haifutwi na mtu mmoja mwenye hasira," Mama Spika akasema. Akalitazama lile la buluu, akamtazama Kinyozi. "Lakini mimi sina pingamizi. Na wewe, muuza matairi, unayo?"

Shemeji alikuwa na haraka ya kuondoka na magitaa mawili. "Sina."

Kinyozi hakungoja ngazi. Alipanda juu ya spika, na hakuna aliyemgombeza, akalitoa gitaa lake msumarini, akakaa nalo chini sakafuni, amewapa mgongo wote, anapangusa vumbi kwa kanzu yake nyeupe ya kazi. Hakusema asante. Wala hakudaiwa.

Shemeji akashika shingo ya Bi Mkubwa, akavuta. Kiberiti bado hakuachia.

"Jambo moja," akasema. "Sheria inasema aliyeshinda hutaja gitaa lake ni nini, kila mtu asikie. Ndivyo, Mama?"

"Ndivyo."

"Basi taja. Umetuambia wewe una masikio. Umesema aliyesuka koili hii alikuwa mtu, amelelewa na muziki. Maneno yako hayo, si yangu. Malizia. Ni nani?"

Shemeji akageuka. Alimtazama Mama Spika, ambaye alikuwa anamngoja, na mgongo wa Kinyozi, ambao nao ulikuwa unasikiliza. Kutaja ilikuwa kuyameza maneno ya miaka. Kutotaja ilikuwa kuacha magitaa mawili mezani. Kiberiti alimjua vizuri. Alijua atachagua nini.

"Ni... mkono wa shemeji yangu," akasema chini chini.

"Masikio yangu ya fundi. Sikusikia."

"Ni mkono wako! Umeridhika?"

Kiberiti akaachia. Lilikuwa neno alilolingoja tangu ujanani, na aliposikia sasa halikuwa na ladha yoyote, kama muwa uliokwisha kutafunwa. Labda kwa sababu lilitoka kwa mtu ambaye tayari alikuwa anafunga mkoba wa Bi Mkubwa, anavuta zipu kwa nguvu.

"Umenunua mlio," Kiberiti akamwambia, "hukununua mikono."

Maneno yalipangika yenyewe, mlio na mikono, na Mama Spika akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia ubeti. Ingetosha kuishia hapo. Lakini Shemeji hakuwa mtu wa kutoka mahali bila kutema.

"Mikono gani?" akasema kutoka mlangoni, gitaa moja kila bega. "Tusidanganyane. Ulikuwa mwanagenzi, hukujua unafanya nini. Ulibahatisha. Bahati ya mtende kuota jangwani, na wewe mwenyewe hukujua umeota. Tangu hapo umesuka nini? Visima. Mapangaboi. Umejaza nyumba magitaa ya watu wengine, unayapima, unayapangusa, unayachungulia ndani, unawahukumu wenzako. La kwako liko wapi? Ulisuka moja ukiwa huna akili. Sasa unayo. Mbona hujasuka tena?"

Hata Kinyozi aliacha kupangusa.

Kiberiti alifungua mdomo amtukane, na matusi alikuwa nayo ya kutosha, tena yenye vina. Hayakuja. Jambo lilikuwa limempiga pasipo ngao. Mtu yule, kwa chuki yake yote, alikuwa amesema kweli, na kweli hata ikitoka kwenye mdomo wa adui haigeuki uongo. Kwa nini hakusuka tena? Alikuwa amemngoja yule mtu mrefu arudi ampigie asikie. Hakurudi, naye akahesabu kwamba koili ilikufa njiani. Miaka yote hiyo alikusanya sauti za mikono ya watu, akawa hakimu wao, kwa sababu aliamini mkono wake haukuwa na sauti.

Akavuka chumba. Shemeji akarudi nyuma nusu hatua, akidhani ngumi inakuja, akakutana na mlango wa bati. Wakasimama uso kwa uso, karibu kiasi cha kunusiana pumzi.

"Sikia, shemeji," Kiberiti akasema. Sauti yake haikupanda. Ilikuwa imetulia kama pasi iliyokolea moto. "Nitasuka. Mama Spika shahidi, Kinyozi shahidi. Nitasuka koili zote, mbao nitachonga mwenyewe, na kichwani halitakuwa na jina la kiwanda chochote. Likiwa tayari nitalileta hapa, na sitalipiga mimi. Nitakupa ulipige wewe, maana vidole unavyo, hilo sijawahi kukunyima. Utalipiga mpaka utakapochoka. Kisha bisibisi nitakushikisha mimi kwa mkono wangu, ulifungue mbele ya watu wote, uwaonyeshe kilichokuliza. Nakuahidi."